Mike Nifong wa Durham: mwendesha mashtaka aliyechaguliwa kwa kura, na waliomng'oa

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kila unapoibuka mjadala wa uhuru wa ofisi za mashtaka, hakosekani mtu wa kusema kwamba dawa ni kumfanya mwendesha mashtaka achaguliwe na wananchi, kama wafanyavyo Wamarekani, ili akiharibu kazi aondolewe kwa kura. Hoja hiyo ina mvuto, na wanaoitoa wana nia njema. Naomba tuipime kwa kisa cha Michael Nifong, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa Durham katika jimbo la North Carolina, kwa kuwa karibu kila hatua yake ilikuja kuelezwa kwa kiapo mbele ya mahakama au mbele ya tume ya nidhamu ya mawakili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kura zilimpa Nifong sababu ya kuing'ang'ania kesi ya ubakaji aliyowafungulia wachezaji wa Chuo Kikuu cha Duke, na kura hizohizo, zilipopigwa mara mbili ndani ya mwaka 2006, zilimbakiza kitini. Waliomng'oa ni wengine.

Kwa wasioufahamu mfumo wenyewe, North Carolina imegawanywa katika wilaya za mashtaka, na kila wilaya huchagua mwendesha mashtaka wake kwa kipindi cha miaka 4, kwa tiketi ya chama. Akishaapishwa, ndiye anayeamua nani ashtakiwe, kwa kosa lipi, na nani akubaliwe kukiri kosa dogo ili lile kubwa lifutwe. Mwanasheria Mkuu wa jimbo si mkubwa wake kazini, na hawezi kuichukua kesi mpaka mwendesha mashtaka wa wilaya amwombe. Kipengele hiki kishikeni, kwa maana ndicho kilichoiacha kesi ninayoieleza mikononi mwa mtu mmoja kwa zaidi ya miezi tisa.

Nifong alizaliwa mwaka 1950 huko Wilmington, akasoma Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, akahitimu sheria mwaka 1978. Tangu hapo maisha yake yote ya kazi yalikuwa katika ofisi moja, ile ya mashtaka ya Durham, ambako alianza kwa kujitolea bila mshahara na baadaye akaajiriwa. Aliendesha kesi kubwa, zikiwemo za mauaji. Mwaka 1999 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, na baada ya matibabu akapangiwa kesi za usalama barabarani, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kupatana na mawakili juu ya faini. Kwa hesabu ya kawaida, alikuwa mtumishi anayeielekea pensheni yake kwa utulivu.

Mambo yaligeuka Aprili 2005. Mwendesha mashtaka aliyekuwepo, Jim Hardin, aliteuliwa kuwa jaji, na gavana Mike Easley akamteua Nifong amalizie kipindi kilichosalia. Easley alikuja kusema hadharani kwamba Nifong alimwahidi hatagombea. Lakini aligombea. Mpinzani wake mkuu katika kura za maoni za chama cha Democratic alikuwa Freda Black, mwendesha mashtaka mwenzake wa zamani ambaye Nifong alimwondoa ofisini mara tu alipokabidhiwa madaraka. Black alikuwa na jina kubwa mjini, kwa sababu mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa walioendesha kesi ya mauaji iliyorushwa na kujadiliwa na televisheni za nchi nzima, ilhali Nifong alikuwa hajulikani nje ya korido za mahakama. Kura hizo zilipangwa kupigwa tarehe 2 Mei 2006.

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Machi mwaka huo, wachezaji wa timu ya lakrosi (mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu) ya Chuo Kikuu cha Duke walifanya sherehe katika nyumba iliyopangishwa karibu na chuo, wakawakodi wacheza dansi wawili. Mmoja wao, mwanamke mweusi aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha North Carolina Central kilichopo mji huohuo, alisema amebakwa na wanaume watatu ndani ya bafu. Duke ni chuo cha binafsi, cha gharama kubwa, chenye wanafunzi wengi kutoka familia zenye uwezo. North Carolina Central ni chuo cha umma kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Timu ilikuwa na wachezaji 47, na 46 kati yao walikuwa weupe. Mnaona wenyewe uzito wa tuhuma hiyo katika mji ambao zaidi ya theluthi ya wakazi wake ni weusi, tena ikiwa imebaki miezi isiyofika miwili kabla ya kura.

Nifong aliichukua kesi mwenyewe katika wiki ya mwisho ya Machi. Ndani ya siku chache alikwisha kuzungumza na vyombo vya habari mara nyingi, akiwaita wachezaji wahuni, akieleza kwamba ana uhakika ubakaji ulifanyika na kwamba ubaguzi wa rangi ulihusika, na akiwasuta kwa kutafuta mawakili ilhali wanadai hawana hatia. Niseme bila kuzunguka kwamba mwendesha mashtaka anayemsuta mtu kwa kutumia haki yake ya kuwa na wakili amekwisha kuiacha kazi yake, hata kama tuhuma ingekuwa ya kweli. Kanuni za maadili ya mawakili wa North Carolina zinakataza kauli za namna hiyo kabla ya kesi kusikilizwa, na zinamkataza mwendesha mashtaka kwa namna ya pekee.

Mleta mada (inaendelea)

Sasa tuje kwenye ushahidi, ambako ndiko kiini cha anguko lake kilipo.

Wachezaji 46 walichukuliwa sampuli za vinasaba kwa amri ya mahakama. Maabara ya idara ya upelelezi ya jimbo ilipomaliza vipimo, mapema Aprili, hakuna mchezaji hata mmoja aliyelingana na chochote kilichopatikana katika uchunguzi wa kitabibu wa mlalamikaji. Tarehe 11 Aprili, siku moja baada ya majibu hayo kutangazwa na mawakili wa utetezi, Nifong alisimama mbele ya hadhara katika Chuo Kikuu cha North Carolina Central akawahakikishia kwamba kesi haijafika mwisho. Gwaride la utambuzi lilikuwa limekwisha kufanyika wiki moja nyuma: mlalamikaji alionyeshwa picha za wachezaji wa timu hiyo peke yao, bila picha ya mtu mwingine yeyote wa kuchanganya, kinyume cha utaratibu wa polisi wa Durham wenyewe. Katika gwaride la namna hiyo shahidi hana namna ya kukosea, kwa sababu kila picha anayoinyooshea kidole ni ya mtuhumiwa.

Tarehe 17 Aprili wachezaji wawili waliidhinishiwa mashtaka na baraza la raia linalokaa faraghani, likisikiliza upande wa mashtaka pekee. Kila mmoja aliwekewa dhamana ya dola 400,000. Wiki mbili baadaye zikapigwa kura za maoni. Nifong alimshinda Black kwa kura 883. Kiwango hicho nakisisitiza, kwa kuwa bila kesi ile, iliyomweka kwenye televisheni kila jioni, sioni jinsi mtu wa kesi za barabarani angempita mpinzani aliyefahamika kuliko yeye. Mchezaji wa tatu alishtakiwa katikati ya Mei.

Mmoja wa washtakiwa alikuwa na ushahidi mzito kwamba hakuwepo nyumbani pale wakati uliodaiwa: simu zake, picha ya kamera ya mashine ya kutolea fedha, rekodi ya kadi ya kuingilia bwenini, na dereva wa teksi aliyembeba. Mawakili wake walitaka kumwonyesha Nifong yote hayo kabla ya mashtaka, naye hakutaka kuwaona. Dereva mwenyewe, mhamiaji kutoka Sudan, alitoa maelezo kwa utetezi. Mwezi Mei wapelelezi wa Durham walimkamata kwa hati ya tangu mwaka 2003 iliyohusu mteja wake aliyedaiwa kuiba dukani, na wakamuuliza kama ana lolote jipya la kusema juu ya kesi ya Duke. Alikataa kubadili maneno, akashtakiwa, na mahakama ikamwachia huru. Katika kisa chote hiki, yeye ndiye ninayemheshimu kuliko wote, maana hakuwa na fedha wala ukoo wa kumtetea, na alikuwa na kila sababu ya kuogopa.

Baada ya maabara ya jimbo kutopata kitu, Nifong alipeleka sampuli kwa maabara binafsi ya mji wa Burlington, iliyokuwa na vifaa vyenye kugundua chembe ndogo zaidi. Maabara hiyo iligundua vinasaba vya wanaume kadhaa, na hakuna aliyekuwa mchezaji wa Duke. Maana yake ni nzito: vipimo vilikuwa makini kiasi cha kuona mabaki ya watu wasiohusika na usiku ule, lakini havikuona alama yoyote ya watatu waliodaiwa kumshambulia. Nifong alikutana na mkurugenzi wa maabara, Brian Meehan, mara kadhaa kati ya Aprili na Mei. Ripoti iliyotolewa tarehe 12 Mei haikutaja wanaume hao. Mahakamani, Septemba, Nifong alimhakikishia Jaji Osmond Smith kwamba kila walichozungumza na Meehan kimo ndani ya ripoti.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo watu wengi hawalifahamu. North Carolina ilikuwa imepitisha, mwaka 2004, sheria inayoutaka upande wa mashtaka uukabidhi utetezi jalada zima la kesi. Sheria hiyo haikushuka yenyewe. Ilitokana na kesi ya Alan Gell, aliyekaa miaka mingi akisubiri adhabu ya kifo huku upande wa mashtaka ukiwa umeficha ushahidi ambao ungemsaidia. Kesi yake iliporudiwa mwaka 2004, akaachiwa huru. Kwa nguvu ya sheria hiyo mawakili wa vijana wa Duke waliomba data zote ghafi za maabara, na mwishoni mwa Oktoba wakakabidhiwa kurasa 1,844 zilizojaa namba na michoro. Wakili Brad Bannon, ambaye hakuwa mwanasayansi, alijifungia na vitabu vya vinasaba mpaka akaweza kuzisoma, akagundua kilichoachwa nje ya ripoti.

Lakini angalieni tarehe. Tarehe 7 Novemba 2006, kurasa zile zikiwa tayari mezani kwa utetezi lakini bado hazijafika masikioni mwa umma, Durham ilipiga kura ya mwisho, na Nifong akachaguliwa kwa karibu nusu ya kura zote, wapinzani wawili wakiwa wamegawana zilizobaki. Wapiga kura hawakuwa wajinga. Walipiga kura kwa kile walichoonyeshwa, na aliyewaonyesha ndiye aliyekuwa akigombea.

Tarehe 15 Desemba Bannon alimhoji Meehan kizimbani. Meehan alikiri kwamba yeye na Nifong walikubaliana ripoti isitaje matokeo yote. Wiki moja baadaye Nifong alifuta shtaka la ubakaji, kwa kuwa mlalamikaji alikuwa hana tena uhakika na sehemu ya maelezo yake, lakini akabakiza utekaji na shambulio la kingono. Kabla mwaka haujaisha, Chama cha Mawakili cha jimbo kilimfungulia mashtaka ya maadili, kwanza kwa kauli zake kwenye vyombo vya habari, na mwezi uliofuata kwa kuficha ushahidi na kuidanganya mahakama. Tarehe 12 Januari 2007, mwenyewe akiwa sasa mshtakiwa wa chama chake, aliomba kujitoa, na kesi ikaenda kwa Mwanasheria Mkuu Roy Cooper. Tarehe 11 Aprili Cooper alifuta mashtaka yote. Hakuishia kusema kwamba ushahidi hautoshi. Alitamka kwamba vijana wale hawana hatia, na akamweleza Nifong kama mwendesha mashtaka aliyevuka mipaka ya madaraka yake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Juni 2007 tume ya nidhamu, ikiongozwa na wakili Lane Williamson, ilikaa siku tano. Nifong alitoa ushahidi akilia, akaomba radhi, akatangaza kwamba atajiuzulu. Tarehe 16 Juni alifutwa uwakili. Julai aliachia ofisi. Tarehe 31 Agosti Jaji Smith alimtia hatiani kwa kudharau mahakama, kwa uongo ule wa Septemba, akamhukumu kifungo cha siku moja, alichokitumikia Septemba 2007 katika jela ya Durham, mji aliokuwa akipeleka watu jela kwa karibu miaka 30. Januari 2008, baada ya vijana wale kufungua kesi ya madai, aliomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani, mkuu, kwa uzi uliokamilika. Nikiwa wakili hapa Mombasa, naomba niongeze upande wa pili wa mizani. Kwetu Kenya, Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inataka Mkurugenzi wa Mashtaka ateuliwe na Rais baada ya kuidhinishwa na Bunge la Taifa, akae miaka 8 bila kurudia, na asiondoe kesi mahakamani bila ruhusa ya mahakama yenyewe. Tanzania, Rais ndiye anayeteua. Hofu yetu sisi siku zote ni simu kutoka juu, na ndiyo maana wazo la uchaguzi linawavutia wengi. Kisa hiki kinanionyesha kwamba hata Nifong alianza kwa kuteuliwa, na alipotaka kubaki akalazimika kutafuta umati. Swali langu ni kuhusu kile kipengele cha Mwanasheria Mkuu. Je, ikiwa Nifong asingeomba kujitoa, kulikuwa na njia yoyote ya kumtoa kwenye kesi?

Mleta mada

Ndugu yangu, swali lako ndilo Cooper mwenyewe aliloliona. Siku alipofuta mashtaka alipendekeza sheria itakayoiwezesha Mahakama ya Juu ya jimbo kumtoa mwendesha mashtaka kwenye kesi pale haki inapodai hivyo, maana njia ya namna hiyo haikuwepo. Ilikuwepo njia ya kumwondoa ofisini kabisa: mtu yeyote anaweza kupeleka hati ya kiapo mahakamani ikieleza makosa ya mwendesha mashtaka, na jaji akaisikiliza. Raia mmoja wa Durham alifanya hivyo mapema mwaka 2007, na Jaji Orlando Hudson akaisimamisha hati hiyo ili kusubiri uamuzi wa Chama cha Mawakili. Baada ya Nifong kufutwa uwakili, Hudson aliitumia kumsimamisha kazi siku chache baadaye, kabla tarehe ya kujiuzulu aliyoitaja mwenyewe haijafika.

Kwa hiyo kesi ilitoka mikononi mwake kwa sababu tu leseni yake mwenyewe ilikuwa hatarini.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, nimesoma kila neno na ninakubaliana nawe kuhusu Nifong. Lakini naomba tusiwahukumu wakazi weusi wa Durham kana kwamba walidanganyika kirahisi. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kwa vizazi vingi, mwanamke mweusi akimshtaki mzungu kwa ubakaji hakupata hata wa kuandika maelezo yake. Siku moja akatokea mwendesha mashtaka, tena mzungu, akasema: huyu nitamsikiliza. Ungetaka watu wamfukuze? Walichokiomba kilikuwa haki, na aliyewapa kitu kisichokuwa haki ni yeye. Tena wale vijana watatu walikuwa na wazazi wa kulipia mawakili wa kusoma kurasa 1,844. Nani anawasomea masikini?

Mleta mada

Dada, umegusa mahali ambapo mimi mwenyewe ninapaona kuwa pazito kuliko pote, na nakushukuru.

Mwaka 1995 Nifong, akiwa bado mwendesha mashtaka wa kawaida, alimshtaki mwanamume mmoja mweusi wa Durham kwa mauaji ya mwanamke na binti yake wa miaka 13, yaliyotokea mwaka 1991 katika nyumba za umma za mji huo. Alihukumiwa kifungo cha miaka 80. Vinasaba vilivyopatikana havikuwa vyake, na ndani ya jalada la polisi kulikuwa na maelezo ya mtoa taarifa yaliyowaelekezea kidole watu wengine na kutaja shambulio la kingono. Utetezi haukukabidhiwa maelezo hayo, na Nifong aliwaambia wazee wa mahakama kwamba kesi haikuwahi kupelelezwa kama yenye shambulio la kingono. Mwaka 2014 Jaji Hudson, yuleyule, aliitengua hukumu. Jimbo likakata rufaa, na mtu yule akatoka gerezani mwishoni mwa Agosti 2016. Mwaka 2021 Cooper, wakati huo akiwa gavana, alimpa msamaha unaotamka kwamba hana hatia, na mwaka huohuo mahakama ya shirikisho ikaagiza alipwe dola milioni 6 na mpelelezi wa zamani wa kesi hiyo.

Linganisha, dada. Kosa ni lilelile, ushahidi wa kumsaidia mshtakiwa kubaki upande wa mashtaka, na aliyesimama mbele ya mahakama ni mtu yuleyule. Vijana wa Duke walisafishwa majina ndani ya miezi kumi na mitatu, bila kulala gerezani hata usiku mmoja baada ya kuhukumiwa, kwa sababu hawakuwahi kuhukumiwa. Yule wa mwaka 1995 alikaa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1995 hapakuwa na sheria ya kufungua majalada, na hapakuwa na wakili wa kujifungia na vitabu kwa ajili yake. Ndiyo maana siwezi kuisoma kesi ya Duke kama kisa cha mfumo uliojirekebisha wenyewe. Nifong hakuanza mwaka 2006.

Kuhusu mlalamikaji, Cooper hakumshtaki, akieleza kwamba wapelelezi wake waliona huenda anaamini kweli maelezo yake mengi yaliyopishana. Desemba 2024 yeye mwenyewe, akiwa gerezani kwa kesi nyingine, alikiri hadharani kwamba alisema uongo, akawaomba radhi wale watatu. Sioni sababu ya kumtaja kwa jina wala kumrundikia lawama ya Nifong. Kumsikiliza mlalamikaji kwa heshima na kuyapima maneno yake kwa ushahidi ni kazi mbili zinazokwenda pamoja, na ya pili ilikuwa ya mwendesha mashtaka.

Mchangiaji wa tatu

Kifungo cha siku moja. Mtu aliyetaka kuwafunga vijana watatu miaka isiyopungua makumi, na akamfunga mwingine miaka ishirini, analala ndani usiku mmoja. Naomba kueleweshwa ni sheria gani iliyomlinda hivyo.

Mleta mada

Ndugu, kudharau mahakama kwa aina ile, adhabu yake ya juu kabisa ilikuwa siku 30. Kuhusu madai ya fedha, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1976, katika kesi ya Imbler dhidi ya Pachtman, kwamba mwendesha mashtaka hawezi kudaiwa fidia kwa yale anayoyafanya akiwa anaendesha mashtaka, hata akiwa ametenda kwa nia mbaya. Hoja yao ilikuwa kwamba akiwa na hofu ya kudaiwa hatashtaki kwa uhuru. Wakati huohuo mahakama hiyohiyo ilikwisha kuamua mwaka 1963, katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland, kwamba ni lazima upande wa mashtaka umpe mshtakiwa ushahidi unaomsaidia. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja unapata wajibu mkubwa usio na wa kuudai. Kinachobaki ni vyama vya mawakili, navyo mara chache sana huwagusa waendesha mashtaka. Vijana wale walifikia makubaliano na Chuo cha Duke mwaka 2007 kwa kiasi kisichotangazwa, lakini kesi yao dhidi ya mji na Nifong iliishia mwaka 2014 kwa mji kutoa dola 50,000 kwa tume ya jimbo inayochunguza waliofungwa bila hatia, na Nifong kutoa dola 1,000 kwa kituo kinachofanya kazi ya namna hiyo.

Mchangiaji wa nne

Naomba niongeze sura ambayo mleta mada hakuifikia. Mwaka 2008 Durham ilimchagua Tracey Cline, aliyekuwa chini ya Nifong ofisini humo. Mnamo 2011 alianza kumshambulia Jaji Hudson kwa nyaraka za mahakamani zenye maneno makali mno, akimtuhumu kwa upendeleo na ufisadi wa kimaadili. Wakili mmoja wa mji huo akapeleka hati ya kiapo kwa njia ileile iliyoelezwa hapo juu, na Machi 2012 jaji mwingine akamwondoa Cline madarakani kwa kuishushia hadhi ofisi yake. Hata hivyo, mwaka 2018 Satana Deberry alimshinda kwa kura Roger Echols, aliyekuwa ofisini, akiahidi kupunguza dhamana za fedha taslimu. Kwa hiyo naona mleta mada amezidisha kidogo. Kura zimewahi kumwondoa mwendesha mashtaka hapohapo Durham.

Mleta mada

Nakubali, mkuu, na mfano wa Deberry ni sahihi. Echols alishindwa kwa sera, na sera ni kitu ambacho mpiga kura anaweza kukiona: dhamana ni kiasi gani, nani anashtakiwa kwa makosa madogo, nani anaachwa. Maelezo ya mtoa taarifa yaliyokaa ndani ya jalada la polisi tangu mwaka 1991, na matokeo ya vinasaba yaliyoachwa nje ya ripoti ya Mei 2006, hayakuwa kwenye bango la mgombea yeyote. Kwa hiyo, kwa wale wanaotaka tujadili marekebisho ya kwetu, ningependa tuanze na swali la nani mwingine, mbali na mwendesha mashtaka, anaruhusiwa kulifungua jalada, na analifungua kabla ya kesi kuanza kusikilizwa au baada ya hukumu.